Msikiguse kitengo cha umma kwenye taasisi ya astronomia

Ndugu mhariri,

Nimesoma ile barua ya mwenzetu anayetaka taasisi ya taifa ya astronomia ibaki na utafiti tu, eti kuwaonyesha watu nyota na kupeleka darubini mashuleni ni kupoteza hela, nikaona hapana, hii siwezi kuiacha ipite. Ukikifuta kile kitengo cha umma kinachofanya hizo kazi unauumiza utafiti huohuo unaosema unaulinda.

Tuanze na giza manake ndo mtaji wa utafiti. Darubini kubwa inakusanya mwanga hafifu wa galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, uliosafiri mamilioni ya miaka, sasa mji ukishakua na kila taa ya barabarani na kila bango linamulika juu, anga linakuwa jeupejeupe na ile galaksi inazama humohumo. Afrika Kusini walitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya astronomia, na ni vizuri sana, lakini sheria haiwezi kukesha kwenye kila nguzo ya taa. Anayekubali kirahisi taa yake ifunikwe imulike chini ni yule ambaye amewahi kutazama anga kwa darubini.

Na huko kutazama kwenyewe sio mchezo jamani. Mtu akiona Zohali na pete zake mara ya kwanza, utamkuta anatoa jicho anaenda kuchungulia kule mbele ya bomba kama kuna picha imebandikwa, akirudi anakuta sayari imeshapotea, basi yule mhudumu anaisogeza darubini taratibu anamwambia haijaenda popote, ni dunia inazunguka na wewe ukiwa juu yake. Kitabuni utasoma dunia inazunguka hata mara mia, pale unaiona.

Thailand hawakuchagua kimoja. Taasisi yao ya taifa ya astronomia, NARIT, ina darubini yenye kioo cha upana wa mita 2.4 kule juu mlima Doi Inthanon, ilizinduliwa 2013, chombo cha wataalamu hasa, alafu hao hao wamejenga vituo vya wananchi mikoani, Nakhon Ratchasima, Chachoengsao, Songkhla, na wakagawa darubini kwa mashule, zile ambazo mwalimu anazungusha kwa mkono tu bila umeme. Hivi hao nao tuseme hawajui thamani ya utafiti?

Tena wananchi wanarudisha. Mwaka 2007 mradi wa Galaxy Zoo uliwaomba watu wowote wasaidie kupanga picha za galaksi kwa maumbo yake, na Hanny van Arkel, mwalimu wa shule Uholanzi, akaona kitu cha ajabu akauliza ni nini hiki, kumbe ni wingu kubwa la gesi ambalo wataalamu hawakuwa wamelistukia, likaandikiwa tafiti mpaka Hubble, ile darubini inayozunguka angani, ikageuzwa kulitazama.

Alafu kuna tarehe 2 Agosti 2027. Jua litapatwa lote kuanzia kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, mpaka Uarabuni na Somalia, karibu na Luxor giza litazidi dakika sita, na nchi nyingi za pembeni zitaona limemegwa. Mamilioni watatazama juu, na kuliangalia kwa macho matupu kabla halijafunikwa lote kunaunguza jicho ndani bila maumivu, unakuja kugundua baadaye. Walimu wafundishwe, miwani halali itafutwe na ile feki itangazwe mapema, na hiyo kazi haianzi wiki moja kabla. Kama bajeti lazima ikatwe basi ikatwe kwenye magari na posho za semina, hawa watu wa kitengo cha umma waachwe wafanye kazi.

Msomaji wenu