YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOZI YA MSINGI YA SANAA NA MADAI YA KUREJESHEWA SEHEMU YA ADA

Dar es Salaam
28 Machi 2025

Mkurugenzi Mtendaji,

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa kozi yenu ya msingi ya sanaa, kundi lililoanza Septemba 2024. Ada ya Sh 3,600,000 nililipa kwa awamu mbili, na nakala za stakabadhi zote mbili nimeziambatanisha. Kipeperushi chenu kiliahidi majuma 30 ya masomo ya kumwandaa mwanafunzi kuomba nafasi katika vyuo vya sanaa vya Uingereza, yakiwamo mazoezi ya kuchora mtu aliye hai kila Jumamosi, karakana ya uchapaji na udongo, na tathmini ya potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi za mwombaji, kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Nililipa kwa sababu ya ahadi hizo, wala sikuwa na sababu nyingine.

Naomba nianze na jambo jema, kwa kuwa ndilo linaloonyesha uzito wa nilichokosa. Mwezi Oktoba mwalimu wetu alituagiza kila mmoja aje na kifaa cha nyumbani. Mimi nilikuja na kibao cha mbuzi cha bibi yangu, ambacho nimekikalia na kukuna nazi tangu utotoni na niliamini nakifahamu vizuri. Aliniambia niiache mbuzi yenyewe, nichore kwa mkaa zile nafasi tupu zilizo kati ya miguu inayopishana. Nilifuta na kurudia asubuhi nzima. Nilipomaliza zile pembetatu za hewa, mbuzi ilikuwa imejitokeza kwenye karatasi bila ya mimi kuichora, na mguu mmoja ulionekana mfupi kuliko mwenzake, jambo ambalo kweli liko hivyo na sikuwahi kuliona. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kozi ya msingi ni ya nini.

Mwalimu huyo aliondoka katikati ya Novemba na hamkuleta mwingine. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Januari, msimamizi wa darasa alitugawia picha za nyuso za waigizaji zilizochapishwa kutoka kwenye intaneti, zikiwa zimepigwa mistari ya miraba, tukawa tunazinakili mraba kwa mraba kwa penseli. Nina nakala 14 za namna hiyo. Mtu aliye hai tulimchora Jumamosi tatu tu katika kipindi chote hicho, na mlango wa karakana sijauona ukifunguliwa hata mara moja.

Inawezekana ofisi yenu inaona kuchora ni kuchora, kwa hiyo nalazimika kueleza. Mafunzo ya aina hii yana asili inayojulikana: kozi ya awali aliyoiongoza Johannes Itten katika shule ya sanaa ya Bauhaus kule Weimar, Ujerumani, kuanzia 1919, ambapo wanafunzi walitakiwa kwanza kujaribu mali ghafi, maumbo na rangi kwa mikono yao; na huko Uingereza ripoti ya mwaka 1960 ya kamati iliyoongozwa na mchoraji William Coldstream, iliyopendekeza mwaka wa matayarisho kabla ya masomo ya stashahada. Kote huko lengo ni mwanafunzi ajifunze kutazama na kujaribu, hata kukosea, ndiyo maana vyuo hutaka kuona daftari la michoro pamoja na kazi zilizokamilika. Mtu anayenakili picha anapokea kitu ambacho kamera imekwisha kukitazama kwa niaba yake.

Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa 29 Januari, saa 12 jioni kwa saa za Uingereza, yaani saa 3 usiku kwetu. Tathmini mliyoahidi mliifanya tarehe 12 Februari, kwa dakika kumi, kwa simu, wakati vyuo viwili vilikuwa vimekwisha kupokea potifolio yangu. Mtathmini mliyemwalika ninyi wenyewe aliniambia kazi zangu nyingi ni nakala za picha na akauliza daftari langu liko wapi. Daftari hilo mlilichukua tarehe 20 Desemba kwa ajili ya kulionyesha mapokezini, na maombi yangu matatu ya kurudishiwa, mawili kati yake yakiwa ya maandishi, hayajajibiwa. Vyuo vyote viwili vimenikataa. Sidai kwamba mngenihakikishia nafasi, maana hakuna awezaye kuahidi hilo. Ninacholalamikia ni mafunzo niliyoyalipia na ambayo hamkuyatoa.

Kwa hiyo naomba nirejeshewe Sh 1,800,000, ambayo ni nusu ya ada, ifikapo 11 Aprili 2025. Naomba pia wenzangu wanaoendelea wapatiwe mwalimu mwenye sifa kwa majuma yaliyobaki, kwa sababu baadhi yao wazazi wao wamekopa ili kulipa ada hii na wanaona aibu kulalamika. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 kinakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na nisipopata jibu la maandishi kufikia tarehe hiyo nitawasilisha kipeperushi chenu, stakabadhi na barua hii Tume ya Ushindani.

Daftari langu, hata hivyo, lisisubiri tarehe hiyo. Naomba mlikabidhi mapokezi wiki hii, nami nitalifuata mwenyewe. Lina jalada jeusi la kitambaa, jina langu limeandikwa kwa wino upande wa ndani, na kuanzia ukurasa wa tisa kuna michoro sita ya mbuzi ya bibi.

Wako mwaminifu,

Mwanafunzi, Kozi ya Msingi ya Sanaa
Kundi la Septemba 2024