Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliazimia kwamba tuache kuyapitia magofu yote kwa siku moja na badala yake tuusome msikiti mmoja kwa utulivu, nami nafurahi kuwaarifu kwamba azimio hilo limetekelezwa kwa safari tatu za mashua kutoka Kilwa Masoko.

Safari ya kwanza tuliitumia upande wa kaskazini, penye mihrabu. Huo ndio msikiti wa awali, wa karne ya 11 au ya 12, ambao ulikuwa mdogo na wenye dari bapa. Upande wa kusini ni upanuzi ulioanzishwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipitia Kilwa. Ni katika utawala wake Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alipofika mjini, mwaka 1331. Nguzo za upanuzi huo, zilizochongwa kwa matumbawe, hazikudumu, paa likaporomoka, na katika karne ya 15 mafundi wakaujenga upya kwa nguzo za pembe nane, matao na kuba tunazoziona leo.

Mwenzetu mmoja, fundi mwashi, alituonyesha nguzo iliyobanduka lipu: ndani yake ni vipande vidogo vya matumbawe vilivyoshikwa kwa chokaa, safu juu ya safu. Kwa maoni yangu, nguzo ile inastahili heshima kuliko kuba yoyote, kwa kuwa waliokuta msikiti umeanguka hawakuyarudia yaliyoshindwa.

Wapo waliopendekeza tuchangie saruji ya kuziba nyufa. Nililipinga pendekezo hilo, na bado nalipinga, kwa sababu saruji huzuia unyevu na chumvi visitoke ukutani, hata chokaa ya kale ikamomonyoka nyuma yake. Magofu haya, yaliyo Urithi wa Dunia tangu 1981, yalikaa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Kazi ya kuyaokoa isiharibiwe na wema wetu wa haraka.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Naomba kibali chenu ili mchango wa mwaka ujao uwalipie vijana wa kisiwani wajifunze kuchoma na kuroweka chokaa kwa wazee wanaoijua kazi hiyo, na safari ya kwanza tuifanye mahali pa kutawadhia, ambapo hatujapagusa bado.