Ugonile, mwanangu

Subilaga mwanangu,

Ugonile. Salamu yetu Wanyakyusa inauliza kama umelala, na safari hii naona haya kuitumia, maana najua hulali. Mume wako ameniambia unakaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Nakusalimia hivyohivyo, sina salamu nyingine.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, Mungu alikuwa wapi?" nikakujibu mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyeshindwa. Sasa nimekaa jikoni na daftari, mvua inapiga mabati, baba yako amelala, na nitaandika mpaka nimalize hata kama ni usiku wa manane.

Kwanza mwili. Maziwa yatajaa, mwili haujui kwamba mtoto hayupo, na hilo ndilo litakalokuumiza kuliko kidonda. Weka kitambaa cha maji baridi, vaa sidiria inayoshika vizuri, yakizidi kubana kamua kidogo tu ya kupunguza, usiyamalize, maana ukiyamaliza yanarudi. Titi likiwa jekundu na ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ule. Hata uji.

Sasa huyo mtumishi aliyekuambia kwamba mimba imeharibika mwezi wa nane kwa sababu ya madhabahu za ukoo wa mama yako, na kwamba kuna sadaka ya kuzivunja. Ukoo wa mama yako ni mimi, Subilaga. Bibi yako mzaa mama alikuwa anapika chai ya kwaya kila Jumamosi mpaka miguu ilipomkataa. Sitaki kumsema mtu vibaya, lakini fedha hiyo usitoe. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walimuuliza Yesu swali hilohilo, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Iko Yohana sura ya 9. Akikupigia tena, msomee.

Nikuambie habari ambayo hatukuwahi kukuambia vizuri. Kaka yako Gwakisa unamjua kwa picha moja tu, ile ya kaptula kubwa. Alifariki Februari 1993, akiwa na miaka minne. Homa ilianza Jumapili jioni. Jumanne usiku ikapanda, akaanza kutetemeka, baba yako akamfunga mgongoni kwa kitenge changu tukateremka kwa miguu, maana barabara ilikuwa tope tupu na gari halipiti. Kulikuwa na ukungu, huoni hatua tatu mbele. Nilikuwa nyuma nikimshika mguu ili nijue bado ana joto. Tulifika zahanati kumekucha. Mganga alimtazama, akatutazama, akasema tungemleta mapema.

Hilo neno "mapema" nimelala nalo miaka mingi.

Watu walijaa nyumbani, unajua msiba wa kwetu, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye moto. Kila aliyeingia alikuja na maneno yake. Mungu amempenda zaidi. Mungu amechuma ua lake. Utapata mwingine. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, alikaa karibu yangu akanieleza habari ya mzabibu, kwamba Baba hulisafisha tawi ili lizidi kuzaa. Mimi nilikuwa nimeshapogoa chai miaka kumi. Nikamwambia mbele za watu: mchai ukiupogoa unachipua palepale ulipokatwa, nitakuonyesha shambani. Gwakisa atachipua wapi? Mama yangu akanifinya paja nikanyamaza, lakini sikujuta, na sijajuta mpaka leo.

Baadaye sana nilikisoma kitabu cha Ayubu mwenyewe, bila mtu wa kunifafanulia. Wale rafiki zake watatu wanasemwa vibaya, lakini angalia walivyoanza: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Siku saba walikuwa marafiki. Walipofungua midomo kumweleza kwa nini, ndipo wakaharibu, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, wala si Ayubu aliyekuwa analalamika sura baada ya sura. Kwa hiyo lalamika, mwanangu. Zaburi ya 88 nzima ni kilio, haina hata mstari wa mwisho wa kujifariji, inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia.

Majuma mawili baada ya maziko watu wakatawanyika. Hapo ndipo msiba unapoanza, utaona. Nilikuwa sitoki. Chai ilikuwa imekomaa shambani, na chai haimsubiri mtu, ukipitisha siku zake jani linakuwa gumu, kwenye kituo cha kupimia na kununulia majani wanalikataa. Sikujali. Tulikuwa na jirani mmoja, mama fulani, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu ya mbuzi wake aliyekula miche yangu ya kahawa. Msibani alikuja akakaa pembeni, hakusema kitu. Jioni moja nikasikia hodi. Alisimama mlangoni na tenga tupu mgongoni, sketi imelowa mpaka kiunoni. Akanipa karatasi mbili za mzani. Alikuwa amechuma shamba langu lote, majani mawili na chipukizi, kama inavyotakiwa, akabeba mpaka kituoni na kuipima kwa namba yangu. Akasema, "Fedha za mwezi zitakuja kwako." Akaondoka. Kilo zake hazikuwa nyingi, alikuwa mzee. Nikakaa na zile karatasi nikalia kwa mara ya kwanza kilio kinachopumzisha.

Uliniuliza Mungu alikuwa wapi. Mimi nilimwona pale. Kwa nini Gwakisa alikufa sijajua, na sidhani nitaambiwa nikiwa hai. Ila Bwana wetu kaburini kwa Lazaro alijua kabisa kwamba atamfufua muda si mrefu, na bado Yohana anasema alilia machozi. Hakuwaambia Mariamu na Martha wanyamaze kwa sababu yeye anajua mwisho wake. Mungu anayejua mwisho na bado analia na wewe, huyo naweza kumwomba. Yule wa kuchuma maua sikumwelewa hata siku moja.

Mwaka huo Pasaka sikwenda makaburini. Wewe umekaa Dodoma muda mrefu, labda umesahau ilivyo: tunatoka kabla ya jua, mvua za Aprili, miavuli na taa, udongo unateleza, watoto wanapiga chafya, wapiga tarumbeta wanapuliza mikono kwanza ipate joto. Desturi hiyo vijana wa Herrnhut huko Ujerumani waliianza mwaka 1732, na wamisionari Wamoravian walipofika kwetu Rungwe mwaka 1891 walikuja na kanisa lenye desturi hiyo. Kabla ya msiba nilikuwa naona ni baridi ya bure. Mwaka 1994 nilikwenda. Kaburi la kaka yako lilikuwa limedidimia kwa mvua, majani yameota juu. Tukasimama pale gizani tukasema Bwana amefufuka, na mimi nikalisema nikiwa na hasira, kwa nguvu, kama mtu anayedai deni. Sijui wengine walilisemaje. Jua likatoka nyuma ya ukungu, huwezi kusema lilitoka, giza lilibadilika tu likawa kijivu.

Mwaka uliofuata ulizaliwa wewe, baba yako akakuita Subilaga, tumaini. Usidhani ulikuja kuziba pengo la Gwakisa. Pengo lake lipo, nawe una mahali pako. Nakuambia haya mapema kwa sababu kuna watu watakuambia "utapata mwingine."

Tangu wakati ule, nikisikia msiba wa mtoto hapa kijijini, nakwenda. Sisemi. Naosha vyombo, nachota maji, au naulizia shamba liko wapi. Baba yako analalamika kwamba chai yetu inakomaa nikiwa kwenye chai za watu.

Ukipata nguvu, njoo ukae. Usifike stendi ya mjini Mbeya, shuka Uyole, magari ya Tukuyu yako palepale. Njoo na sweta nzito. Mume wako naye aje kama atapewa ruhusa kazini, hakuna anayemuuliza yeye amelalaje.

Jambo moja bado. Karatasi ya hospitali mume wako alinisomea kwenye simu, imeandikwa "mtoto wa kike" basi. Lakini nakujua, jina ulikuwa nalo tangu mwezi wa tano, ulikuwa unacheka ukikataa kunitajia. Pasaka tunawakumbuka waliotangulia tangu Pasaka iliyopita, na mimi sitaki kusimama pale na kusema "mjukuu" tu. Niandikie jina lake. Hata kwa meseji, hata usiku huu, simu naiweka karibu na mto.

Mama yako