Shoga, cheti nimekipata

Perth

Shoga yangu,

Salamu kwako na watoto. Huku sote wazima, ila joto tu linatutesa.

Ile ithibati ya kukagua hatari ya moto wa nyika nimeipata! Nipo daraja la kwanza kati ya matatu ya Fire Protection Association Australia. Wa chini kabisa, lakini muhuri ninao.

Kazi yenyewe: mtu akitaka kujenga kwenye eneo la hatari, naenda kutazama mimea yote ndani ya mita 100. Msitu, vichaka au nyasi? Umbali gani? Kisha nafungua majedwali ya AS 3959, kanuni ya Australia ya kujenga kwenye maeneo ya moto wa nyika, iliyotolewa upya mwaka 2009, mwaka uleule moto wa jimbo la Victoria wa tarehe 7 Februari ulipoua watu 173. Jibu linatoka kama BAL-29 (BAL ni kiwango cha shambulio la moto wa nyika), yaani nyumba yaweza kupigwa na joto la hadi kilowati 29 kwa kila mita ya mraba. Vioo, milango na paa vinachaguliwa kwa namba hiyo.

Kilichonitoa jasho ni mteremko. Siku ya mazoezi nilisimama barazani, nikapima pale nilipokanyaga, nikaandika sifuri kwa mbwembwe. Mwalimu hakusema kitu, akanyoosha kidole bondeni. Kumbe unapimwa mteremko wa chini ya miti, si wa chini ya nyumba! Nikashuka na kipimo, nikarudi na digrii 12 na suruali imejaa mbigiri. Moto hupenda kupanda, shoga. Kila digrii 10 za mlima, mbio zake huwa maradufu. Zile nyumba za kileleni, za kupigia picha, ndizo zilizokaa mdomoni.

Tena nyumba nyingi haziunguzwi na ndimi za moto, bali na cheche zinazopenya darini. Ndiyo maana kwenye matundu ya hewa tunadai wavu wa chuma wenye vitobo visivyozidi milimita 2. Na mafundi wa kurusha cheche ni mikaratusi: magome yanabanduka yakiwaka na kupaa na upepo. Hiyo hiyo mliyoipanda huko Lushoto, kwao ni huku.

Nimekumbuka kiwanja chako. Mikaratusi ya jirani iko hatua ngapi toka ukutani? Zihesabu uniandikie. Na picha upige ukitazama bondeni, nyumba nitaiona siku nikija.

Wako,
Shoga yako wa Perth