Seva mbili zikigombea anwani moja, kagua kiolezo

Malalamiko haya hutufikia karibu kwa maneno yale yale: seva ya kwanza ilikuwa inafanya kazi vizuri, tulipowasha ya pili, ya kwanza ikaanza kukatikakatika. Mteja anakuwa ameshazima na kuwasha, ameshakagua ulinzi wa mtandao, na pengine ameshatukasirikia. Mara nyingi mtandao hauna kosa. Mashine pepe (seva za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi) zote mbili zimezaliwa na kiolezo kimoja, yaani mashine iliyohifadhiwa ili nakala zake zizalishwe, na kiolezo hicho kiliwekwa kwenye katalogi, ghala la violezo, kikiwa bado na kitambulisho cha mashine ya awali.

Kwenye Linux kitambulisho hicho hukaa katika faili la /etc/machine-id. Kuanzia toleo la 18.04, Ubuntu Server kwa kawaida huomba anwani yake ya mtandao kwa DHCP (utaratibu wa kugawa anwani) kupitia systemd-networkd, programu yake ya mtandao, na ombi hilo hujitambulisha kwa namba inayotokana na faili hilo, si kwa anwani ya MAC, namba ya kadi ya mtandao. Basi hata jukwaa likiipa kila mashine MAC yake, seva ya DHCP humwona mteja yule yule amerudi na kumpa anwani ile ile. Ni sawa na kudurufu fomu iliyokwisha kujazwa jina na kutiwa saini, kisha kuwagawia watu kumi.

Dawa yake ni amri moja, kabla hujaizima mashine ili iwe kiolezo: truncate -s 0 /etc/machine-id. Usilifute faili, liache tupu, na kila mashine itajiandikia namba yake itakapowaka.

Kisha futa funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) za seva, yale mafaili yanayoanza na ssh_host ndani ya /etc/ssh. Hizi husahaulika kwa sababu hazileti usumbufu wowote unaoonekana, ila kwetu sisi ndilo kosa baya zaidi. Anayeingia kama root, mwenye mamlaka yote, kwenye seva moja ya majaribio anaondoka na ufunguo wa siri wa seva zote ndugu, ikiwemo ile ya malipo. Angalizo: cloud-init, programu inayoandaa mashine inapowaka mara ya kwanza, ikiwepo ndani ya kiolezo itatengeneza funguo mpya yenyewe, mradi uwe umeendesha cloud-init clean mwishoni. Kwenye Debian na Ubuntu zisizo na cloud-init, hakuna wa kuzitengeneza. Sshd, programu inayopokea SSH, itagoma kuanza na utabaki na konsoli tu, ile skrini ya mashine ndani ya jukwaa.

Kwa Windows kazi hii hufanywa na Sysprep, zana yake ya kufuta vitambulisho vya mashine. Wateja wetu wanaotumia VMware Cloud Director, jukwaa la kusimamia mashine pepe, wanajua kwamba wakati wa kuweka kiolezo kwenye katalogi huulizwa kama mashine zitakazotoka humo ziwe nakala halisi au zirekebishwe. Chagua kurekebishwa, na hakikisha kubadilisha SID, kitambulisho cha mashine ya Windows, kumewashwa. Nakala halisi haifai kwa kiolezo kitakachozaa seva nyingi.

Tuseme kiolezo ni kisafi. Bado kitazeeka. Tarehe 1 Julai 2024 ilitangazwa kasoro ya kiusalama ya OpenSSH, programu ya SSH, yenye namba CVE-2024-6387, iliyogusa matoleo ya 8.5p1 hadi 9.7p1, na Ubuntu 22.04 ilikuwa na 8.9p1. Makampuni mengi yalikimbilia kuweka viraka kwenye seva zinazofanya kazi. Aliyesahau kiolezo aliendelea kuzalisha seva zenye tundu lile lile, mpya kabisa, wiki hadi wiki. CentOS 7 nayo ilifikia mwisho wa kupewa masasisho tarehe 30 Juni 2024, na Windows Server 2012 R2 tarehe 10 Oktoba 2023. Hizo hazina haja ya kusasishwa, ziondoe tu kwenye katalogi kabla mtu hajazichagua kwa mazoea.

Tunachowashauri wateja ni kutia mwezi na mwaka kwenye jina la kiolezo, kutengeneza kipya kila mwezi, na kubaki na kilichotangulia mpaka kipya kijaribiwe. Jina kama “ubuntu-mpya-final2” halimsaidii mtu. Diski ya kiolezo iwe ndogo, kwani kuikuza baadaye ni rahisi na kuipunguza ni shughuli. Wanaozalisha seva tu wapewe haki ya kusoma katalogi, si ya kuibadilisha. Na angalia ukomo wa kuhifadhi: ndani ya Cloud Director kiolezo kinaweza kuisha muda, kikahamishwa au kufutwa kabisa kulingana na sera ya akaunti yako. Tunaweza kuubadilisha ukomo huo ukiomba, ila kiolezo kikishafutwa kabisa, kwenye katalogi hakuna tena pa kukirudisha.

Huduma ya kukagua violezo tunaitoa kwa wenye akaunti kwetu. Fungua tiketi, taja jina la katalogi na violezo unavyotaka viangaliwe. Nenosiri usitume, tutaizalisha mashine ya majaribio sisi wenyewe, tuikague, kisha tuifute.