Utepe wa Biblia

Dada yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo? Watoto je? Sisi wazima, Mungu ametutunza. Nimekaa kimya tangu Pasaka, unisamehe.

Yale maneno uliyoniandikia, "nimechoka kungoja", yamenikaa rohoni siku tatu. Ukasema nisiwe na wasiwasi, kanisani bado unakwenda. Hapo ndipo nilipoogopa, maana na mimi nilikuwa nakwenda. Kwaya niliimba, na Mama Mchungaji akiniuliza namwambia niko imara. Lakini juzi nimefungua Biblia, nikakuta utepe mwekundu umeganda pale pale, 1 Samweli 13. Nilipouvuta ukaacha alama ya rangi kwenye karatasi. Miezi yote hiyo! Tangu nilipoacha kuombea lile jambo... unalijua. Sikumkasirikia Mungu wala sikumkana. Nilianza tu kufupisha sala, halafu nikawa nasali kitandani, halafu usingizi ukawa unanitangulia.

Basi nikasoma palepale. Mfalme Sauli alingoja siku 7 alizoambiwa na nabii Samweli, zote saba, dada! Wafilisti wako Mikmashi, watu wake wanatawanyika, Samweli haonekani. Akatoa mwenyewe sadaka ya kuteketezwa, ambayo Samweli alisema atakuja kuitoa, na alipomaliza tu, Samweli huyo akatokea. Zamani nilikuwa namlaumu. Sasa namwonea huruma, kwa sababu hakukimbilia miungu mingine, alikuwa madhabahuni. Ndiyo maana habari ya kwamba unakwenda kanisani haikunituliza.

Hata Sarai alikaa Kanaani miaka 10 ndipo akamtoa mjakazi wake Hajiri kwa mumewe Abramu ili apate mtoto, na Isaka, mwana waliyeahidiwa, alizaliwa babaye akiwa na miaka 100. Kwa nini Mungu anakawia hivyo? Mama Mchungaji alinijibu, jibu lake zuri, ila halijanishuka bado.

Nimerudia kuamka alfajiri. Maneno ni makavu, machozi hayaji, lakini napiga magoti. Peke yangu sitafika mbali, dada. Nakuomba Alhamisi usiku tuwe tunapigiana simu tuombe pamoja, hata dakika tano.

Wewe ulianza kuacha nini kwanza, unakumbuka? Ile daftari ya maombi bado unaandika? Wale wa ushirika wanakuja kukuona, au nao wanadhani uko imara? Na hilo unalolingojea, umeacha kulitaja mbele za Mungu au bado unalitaja? Alhamisi nikupigie saa ngapi?

Akupendaye katika Kristo,
Dada yako