Feni ikizimwa

Ngamiani, Tanga
12 Julai

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Barua yako ya Desemba bado ninayo chini ya mto. Uliponiandikia kwamba jua la Tromsø, huko kaskazini mwa Norwe, limeaga mwishoni mwa Novemba na halionekani tena mpaka katikati ya Januari, nilikosa la kukujibu. Mtu wa Tanga atasema nini mbele ya baridi ya namna hiyo? Leo ninalo neno.

Kipupwe kimeingia. Kusi linavuma tangu alasiri, na usiku joto linashuka hadi nyuzi 20 hivi. Kwenu huo ni mchana mzuri wa kiangazi, najua, na mwezi huu hata jua halizami. Lakini huku tunajifunika gubigubi, watoto wanalala na sweta za shule, na feni tumeizima.

Hiyo feni, somo! Nyumba yetu unaijua, kuta hazifiki juu, akikohoa mtu chumba cha uani anasikika barazani. Miezi yote ya joto ilikuwa ikinguruma juu ya vichwa vyetu, nami nikauzoea ule mngurumo nikadhani ndio ukimya. Sasa nasikia bati lililoshinda juani likipoa: tak... kimya... tak. Nasikia meli ikipiga honi bandarini. Namsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, kwanza mbali, halafu dirishani pangu, halafu anapinda kona na mlio wenyewe unakwisha kidogo kidogo, mpaka sijui kama bado nausikia au naukumbuka tu.

Juzi niliamka saa kumi alfajiri, nikajitanda kanga mbili, nikatoka uani. Kwenye jiko la jana nikachokoa majivu na kijiti, nikakuta kaa moja bado hai, jekundu, dogo kama punje ya tende. Nikachutama, nikalikinga kwa viganja. Mashariki, juu ya paa la jirani, Kilimia kimerudi, kile kishada cha nyota tulichokuwa tukishindana kukihesabu. Kilikuwa kimezama wakati wa masika. Wazee walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kweli anga ilikuwa safi, haina hata uzi wa wingu.

Nikiwa pale nikasikia tasbihi ya Mama, punje moja moja. Miaka yote hii sikujua kwamba saa hizo yu macho. Kisha akaanza kuomba kwa sauti ya chini, akiwataja watoto wangu kwa majina, akanitaja mimi, akanyamaza kidogo. Nikadhani amemaliza.

Akakutaja wewe. Akamwomba Mungu akupe joto huko uliko.

Sikumwambia kwamba nilisikia. Nakwambia wewe.

Wako,
Somo